Bolti ya Tano

Gereji,
Jumatatu, 4 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na wajukuu hawajakumaliza nguvu. Mwanao ananiambia tuache mambo ya bahasha, tupigiane simu kama watu wengine. Nilimkumbusha mara ya mwisho: mimi nilikuuliza habari za mguu, wewe ukanijibu bei ya mbolea. Injini ulizozisikiliza miaka arobaini zimekula masikio yako, basi tuandikiane tu. Barua haiulizi "unasemaje?" kila baada ya neno.

Gari la Mwalimu limerudi. Lile dogo, rangi ya maziwa, analoendea shuleni na sokoni na hakuna kwingine. Pampu ya maji ilianza kupiga kelele, kisha ikaanza kuvuja, na mwenyewe akalileta likiwa linatoa moshi kama jiko la kuni. Nimenunua pampu mpya. Injini yote ni alumini, kwa hiyo naishika kwa adabu kama ulivyonifundisha. Bolti tano za pampu ya zamani zimetoka, nne kwa amani na moja kwa matusi. Hesi zake zimeliwa na zimeota ule unga mweupe, na sitaki kuzirudisha. Nishauri ninunue zipi.

Kovu la Baba nimeliona kwa macho yangu. Mafundi hapa bado wanaiita hivyo ile weldi iliyo kando ya tundu la tano, pale alipokaza mpaka blok ya injini ikapasuka, miaka kumi na minne iliyopita. Hadi leo nikishika spana lazima mmoja aniambie, "Taratibu, usituletee mkono wa baba yako." Nacheka nao. Nifanyeje?

Jambo moja limenishangaza. Bolti nne zina urefu wa milimita thelathini. Ya tano ina ishirini na sita, na haikutoka dukani hivyo. Imekatwa kwa msumeno na ncha yake imepigwa tupa ikawa laini kama kucha ya bibi harusi. Tupa ya namna hiyo naijua ni ya nani. Ilikatwa kwa nini? Na mimi nikate?

Mwalimu anatembea kwa miguu siku hizi. Kila asubuhi anapita hapa kunisalimia kwa sauti ya mtu anayesahihisha daftari, kwa hiyo usichelewe kujibu.

Mpwa wako,
Spana Kumi


Nyumbani kwa mwanangu,
Ijumaa, 8 Machi

Mpwa wangu Spana Kumi,

Marahaba. Mguu haujambo, na mbolea imepanda tena. Ile spana namba kumi uliyoipoteza ukapewa jina lako umeshaiona, au bado unaazima kwa watu?

Sasa sikiliza, maana maneno haya siyarudii. Bolti za injini ya alumini hazichaguliwi kama nyanya, unabonyeza na kutia kikapuni. Kwanza, zile zinazong'aa za chuma kisichoshika kutu waachie wanaotengeneza mageti. Zikikaa na alumini kwenye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa, na siku ya kuzifungua utalia. Tafuta bolti ya kawaida iliyopakwa dawa ya kutu, kichwani imeandikwa 8.8. Muuzaji atakusifia ile ngumu zaidi. Mwambie asante. Ugumu wa bolti haukusaidii kitu, kwa sababu kitakachochanika ni hesi za tundu, na tundu ni la mwenye gari.

Pili, urefu. Usipime bolti mpya kwa bolti ya zamani. Nasema tena: usipime bolti mpya kwa bolti ya zamani. Pima pampu uliyonayo mkononi, pima kina cha kila tundu, halafu ndipo uende dukani. Bolti ya unene wa milimita nane iingie ndani ya alumini milimita kumi na mbili, na ikifika kumi na sita ni bora zaidi. Lakini isiguse kitako cha tundu hata siku moja. Yale matundu hayatokei upande wa pili. Bolti ikigota chini, spana ya kupimia nguvu italia kwamba imefika, wewe utafurahi, na pampu itakuwa haijabanwa.

Tatu, safisha matundu na uyakaushe. Ukiacha mafuta au maji ndani, hayana pa kwenda. Anza kwa vidole. Bolti ikikataa vidole usiibishie kwa spana. Kisha kaza kidogo kidogo, upande huu na upande ule, mpaka namba ya nguvu iliyo kwenye kitabu cha gari.

Hiyo ya tano ilikatwa kwa sababu ilikuwa ndefu. Usikate, nunua ya ishirini na tano, zinauzwa. Usihangaike nayo zaidi ya hapo. Na baba yako usimwandikie habari za gari hilo. Mwache apumzike. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Msalimie Mwalimu. Mwambie kutembea kunasaidia moyo.

Mjomba wako


Gereji,
Jumapili, 10 Machi

Shikamoo Baba,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unasema maneno matatu, "ndiyo", "hapana" na "haya ongea na mama yako".

Gari la Mwalimu liko kwangu, na injini yake iko wazi mbele yangu. Najua hupendi kulisikia. Lakini nina swali, na wa kumuuliza ni wewe peke yako. Siku ile ilikuwaje? Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikaambiwa umepasua injini ya mtu, ukaacha kazi, mkahama na Mama. Mimi nikabaki kwa Mjomba nimalize shule, na shule ilipoisha nikaingia gereji. Hakuna aliyenikalisha akanieleza. Nilichojifunza nilikisikia kwa mafundi wakitaniana.

Nauliza kwa sababu Mjomba amenijibu kila nilichomuuliza kwa kurasa mbili, na swali moja akalijibu kwa mstari. Wewe unamjua. Mtu yule akiulizwa saa, anakueleza saa ilivyotengenezwa.

Na nina ombi. Bolti nitapima na kununua mimi. Njoo unikazie. Kwa taratibu ya gereji hii achaguaye hakazi na akazaye hachagui, Mjomba aliiweka ili kila kazi ipite mikono miwili, na tangu aondoke nachagua mwenyewe na nakaza mwenyewe, siipendi. Wote wanasema kabla ya siku ile hakuna aliyekaza kama wewe. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, Baba.

Mwanao


Getini,
Alhamisi, 14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mama yako anakusalimia, anauliza kama unakula.

Nakuandikia nikiwa kazini. Asubuhi malori yanaingia kwenye ghala, naandika namba zake. Jioni yanatoka, naandika tena. Nikisikia moja linagonga namwambia dereva aangalie. Wengine wananisikiliza. Kazi si mbaya.

Siku ile hakuna cha kueleza. Nilipewa bolti nikafunga. Nilianza na vidole, nikaja na spana ya kupimia. Zote tano zilifika namba. Maji yakaendelea kutoka kwenye ile ya tano, nikaongeza. Nikaisikia ikilia mkononi kabla sijaisikia kwa masikio. Mkono ulikuwa wangu, hakuna mwingine aliyeshika spana. Mjomba wako alikasirika, na haki yake. Gereji ilikuwa mpya, jina lilikuwa lake. Nilimwomba radhi akanisamehe, na tangu hapo hajanikumbusha hata mara moja. Si kila mtu angefanya hivyo. Mheshimu.

Kuja siwezi. Chuma kinavumilia makosa ya mkono, alumini haivumilii. Mkono wangu niliuamini sana, ukanidanganya mbele za watu. Siwezi kuuweka tena kwenye mali ya mtu, tena gari lile lile.

Kaza mwenyewe. Wewe una mkono wa mama yako.

Baba yako


Gereji,
Jumamosi, 16 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Leo sina utani.

Nimefanya ulivyoniambia. Nimechukua waya wa gurudumu la baiskeli nikaupitisha kila tundu na kuweka alama. Matundu manne yana kina cha milimita ishirini na tano. La tano lina kumi na nane tu, maana nyuma yake kuna njia ya maji. Nikalimulika kwa tochi. Kitakoni kuna duara linalong'aa, la bolti iliyogota na kusukumwa.

Halafu nikatafuta pampu ya kwanza, ile iliyotoka na gari kiwandani. Sikutafuta mbali. Unajua tunaitumia kuzuia mlango wa stoo, na bado ina maandishi yako ya rangi nyekundu, "Mwalimu". Ubavu wake, pale bolti zinapopita, una unene wa milimita kumi na nne. Wa pampu uliyoiweka wewe una kumi. Ulichukua bolti ya zamani, ukaagiza nyingine tano za urefu ule ule, thelathini. Kwenye pampu nene zilikuwa zinaacha nafasi. Kwenye nyembamba, ya tano ilizidi kwa milimita mbili. Angekaza malaika ingepasuka vile vile.

Aliyechagua ni wewe. Baba hakuruhusiwa kuchagua, ni sheria yako.

Na ulijua. Bolti hukuikata mwaka huu. Uliikata gari lilipotoka kuchomelewa, ukaipiga tupa vizuri, ukairudisha kimya. Mimi uliponipokea gereji, somo la kwanza ulilonipa ni kwamba bolti haipimwi kwa bolti ya zamani. Ulinifundisha kosa lako miaka yote hii bila kuniambia ni lako, huku mafundi wananitania kwa mkono wa baba yangu nawe umekaa pale unachora namba kwenye makopo ya bolti.

Nimemwandikia Baba, naye amenijibu. Anasema ulimsamehe. Anasema nikuheshimu. Mjomba, nimelia kwa barua ile, na nimekasirika kiasi kwamba jana nilifunga gereji saa sita mchana nisije nikaharibu kazi ya mtu.

Wewe ndiye uliyenilea na kunipa mkate, silisahau hilo. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Mwandikie. Ikifika mwisho wa mwezi hujamwandikia, nitamwandikia mimi, na nitamtumia bolti yenyewe. Gari halifungwi mpaka hapo. Mwalimu nimemwambia anisubiri, akaniuliza kisa nini, nikamwambia vipimo.

Mpwa wako


Nyumbani kwa mwanangu,
Jumanne, 26 Machi

Shemeji,

Hii ni karatasi ya sita. Tano zilizotangulia zilianza na salamu ndefu, nikaona najificha nyuma ya salamu.

Blok ya Mwalimu hukuipasua wewe. Niliipasua mimi kwa bolti niliyokupa. Pampu mpya ilikuwa nyembamba kuliko ya kwanza na sikuipima. Nilipima bolti kwa bolti, nikaona zimelingana, nikakukabidhi kama mtu anayejua kazi. Ulipofika namba na maji yakawa bado yanadondoka, ulisimamisha mkono. Ulisema, "Shemeji, mimi hii naona haijakaa." Nilikuwa naongea na Mwalimu, sikutaka anione nasitasita. Nikakujibu bila kugeuka, "Kaza, unaogopa nini?" Ukakaza. Kwa alivyoniandikia binti yako, naona hata leo, ukisimulia, maneno yale yangu unayaruka.

Kisha nikasema mbele ya Mwalimu na mafundi wanne kwamba mkono mzito kama ule ungebeba magunia. Walicheka. Nilitaka wacheke, ili wasitazame bolti.

Jumapili nilirudi gereji peke yangu nikapima. Ilinichukua dakika tano kujua. Nikakata bolti, nikaipiga tupa, nikakaa juu ya tairi nikapanga nitakavyokuambia. Naapa nilipanga. Jumatatu nikakuta umenitangulia, umesimama mlangoni na lile shati lako la kutokea, na kabla sijafungua mdomo ukasema, "Nisamehe, nimekuvunjia jina." Shemeji, pale ilitosha neno moja. Nilisema, "Nimekusamehe." Ukanishukuru, ukanishika mkono kwa mikono miwili. Baada ya hapo kila siku ilikuwa ngumu kuliko ya jana yake, na mlipohama nilijidanganya kwamba yamekwisha.

Siandiki kukuomba msamaha ule niliojifanya kukupa siku ile. Ulikuwa wako kuutoa, mimi niliuiba. Nimemwandikia pia Mwalimu, na mafundi wawili walio hai ninaojua walipo. Barua ya mafundi itasomwa gereji, nimemwambia binti yako aisome kwa sauti, isikike mpaka barabarani. Amekuwa fundi kuliko mimi. Nilimfundisha kupima, kusema kweli amefundishwa na wewe.

Mkono wako haukuwa na kosa. Ulikuambia usimame, mimi nikaukataza.

Shemeji yako


Nyumbani,
Jumanne, 2 Aprili

Mwanangu,

Barua ya mjomba wako nimeipata Ijumaa, getini. Niliisoma mara tatu na malori mawili yakaingia bila kuandikwa. Nimepewa onyo, sawa tu.

Nilipofika nyumbani nikampa mama yako. Ni kaka yake, ana haki. Alisoma amesimama, akakunja, akaenda kukaa uani. Nikamsikia analia, nami sikumfuata, kwa sababu nilikuwa na hasira na sikujua itamwangukia nani. Nina hasira bado. Nakuambia kweli ili usifikiri baba yako ni malaika. Miaka kumi na minne ni mingi. Sijamsamehe na sijui lini. Ukimwandikia mwambie barua imefika, basi. Mengine nitamwambia mwenyewe, ana kwa ana, na nitapaza sauti, si kwa sababu ya masikio yake tu.

Kuna jambo sijawahi kukueleza, maana ni la aibu na ni dogo. Hapa nyumbani mimi sifungui kitu. Kifuniko cha chupa kikigoma, bomba likilegea, mtungi wa gesi ukibadilishwa, mama yako ananipokonya, "Lete, utavunja." Alianza kwa utani mwaka ule tulipohama. Mimi nikakubali, ikawa ndiyo desturi. Mwanao alipozaliwa ukamleta tumwone, ulinipa nimshike nikasema nina mafua. Sikuwa na mafua. Niliogopa nitambana.

Jumamosi gesi iliisha. Mama yako akauleta mtungi mpya mpaka jikoni mwenyewe, akachukua spana kwenye droo, akasimama. Akaniwekea ile spana mezani mbele yangu, akageuka akaanza kuchambua mchele ambao alikuwa ameshauchambua.

Nilianza na vidole. Nati ikapanda vizuri. Nikaja na spana, robo, kisha robo, na ilipofika nikajua imefika. Sikuwa na namba ya kusoma, mwanangu. Nilijua tu, kama zamani. Nikapaka povu la sabuni, tukaangalia wote wawili. Hakikutoka hata kiputo kimoja. Mama yako akasema, "Haya, bandika chai," nami nikawasha jiko.

Nimeomba ruhusa kazini. Alhamisi nakuja na basi la asubuhi. Mwambie Mwalimu nami nakuja, nataka awepo. Pampu iweke mezani, bolti zipange pembeni yake, matundu yakauke vizuri.

Usikaze hata moja kabla sijafika.

Baba yako